Mgongo wa Royce Tolliver

Watu wa Ghuba ya Cutler walikuwa wakisema kwamba Winsome Tolliver hunusa mwani kabla bahari haijautapika. Si uongo mtupu. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili mfululizo, yeye aliamka, akafungua mlango wa jikoni, akasimama kizingitini na soksi zake za sufu, akavuta pumzi, kisha akaenda kuwasha trekta. Wenzake walipofika ufukoni walimkuta ameshafunga kamba kwenye mashina na anauburuta mwani kutoka mawimbini: mikanda mipana ya kahawia, mirefu kupita nyumba, mizito kama ndama aliyelowa. Hapo ndipo ulipoanikwa kwenye chanja mpaka ukawa mgumu kama ngozi, ukapelekwa kiwandani kusagwa, na trekta likaenda kuoshwa chumvi.

Alizaliwa hapohapo kisiwani, kati ya Tasmania na bara la Australia, ambako miti yote imelalia upande mmoja kama inayomsikiliza mtu. Baba yake alikamua ng'ombe wa watu. Winsome aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia kiwanda cha jibini, akachoka kunuka maziwa. Alipotimiza ishirini na mbili aliolewa na Royce Tolliver, kijana wa bara aliyelelewa katika nyumba ya watoto yatima, asiye na mama, wala shangazi, wala picha hata moja ya utotoni. Royce ndiye aliyeanza kazi ya mwani. Kwa miaka tisa waliifanya wawili: Royce mbele miambani na kamba, Winsome nyuma kwenye trekta.

Mwaka wa kumi, asubuhi moja ya Julai, Royce alikuwa ameinama juu ya mwamba akikaza fundo. Winsome aliangalia chini kuingiza gia. Alipoinua macho, mwamba ulikuwa unachuruzika maji na hapakuwa na mtu. Wanaume wa kisiwa walitafuta siku kumi na moja. Bahari haikumrudisha.

Miaka sita baadaye bomba la jiko lilishika moto wakati Winsome yuko ufukoni, na nyumba ikateketea mchana kweupe pamoja na kopo la biskuti lenye picha nne za mumewe. Zilikuwa nne tu, maana Royce alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Ilibaki moja katika gazeti la zamani la kisiwa, la siku ya maonyesho ya kilimo, na humo Royce alikuwa kofia na kidevu basi.

Winsome alijenga nyumba nyingine, ndogo zaidi. Hakuolewa tena. Si kwa kukosa watu. Mkamuaji mmoja alimposa mara tatu, na mara zote tatu alikuja na ndoo ya kambakoche. Winsome alipokea kambakoche, akamrudisha mwenyewe kwao.

Alipokuwa na miaka hamsini na mitatu, wapenda sanaa wa mjini kisiwani waliikarabati nyumba ya mawe ya mchungaji mmoja wa zamani, juu ya ghuba, ili wasanii wa bara wawe wanakuja kukaa wiki sita na kufanya kazi zao kwa utulivu. Walihitaji mtu wa kuitunza. Winsome ndiye aliyekuwa jirani wa karibu kuliko wote, na trekta lake ndilo lililoweza kupanda kile kilima wakati wa mvua. Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko kabla mgeni hajafika, kuacha mezani mkate, siagi, maziwa na mayai, kumwonyesha mgeni mahali ambapo bahari huua, kisha kujiondokea. Sharti lilikuwa moja: mtunza nyumba asimsumbue msanii.

Kwa miaka kumi na mmoja aliwaona wa kila aina. Kuna aliyekuja kurekodi sauti za mawe. Kuna mshairi aliyeogopa ng'ombe, akawa hatoki nje mpaka ng'ombe wamepita. Winsome hakumcheka hata mmoja usoni. Alicheka akishafika kwake.

Agosti ile, Winsome akiwa na miaka sitini na minne, ndege ndogo ya asubuhi ilimleta mwanamke wa miaka arobaini hivi, Concetta, mchoraji, binti wa fundi vigae kutoka Geelong huko bara. Winsome alimpokea kiwanjani.

"Wewe ndiye Winsome?"

"Ndiye mimi. Huo mzigo wote ni rangi, au umekuja na mawe yako mwenyewe?"

"Rangi. Na viatu."

Winsome alivitazama alivyovaa. "Hivyo? Mwanangu, hivyo ni vya kuendea harusini. Tena harusi ya ndani."

Concetta alitabasamu kidogo.

Siku ya kumi Winsome alipanda kilima na mayai. Alibisha hodi, akaingia, akamkuta mgeni ameketi akiwa amelipa mgongo dirisha la baharini. Vitambaa vya kuchorea vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vyeupe pe. Jikoni majivu ya karatasi yalikuwa yamejaa mpaka yanamwagika.

"Kuni zimekwisha mpaka unachoma karatasi?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki nzima."

"Inawaka vizuri?"

Concetta alicheka bila kutaka. Kicheko kikapinda katikati, akaanza kulia. Winsome alisimama na mayai yake, akalikumbuka sharti, akaliweka kando pamoja na mayai. Akabandika birika.

"Nimechora bahari miaka kumi na mitano," Concetta alisema alipotulia. "Watu wamenunua, wametundika sebuleni. Sasa mwaka wa pili huu, nikiiangalia bahari naona picha zangu tu. Yenyewe siioni."

"Basi usiiangalie," Winsome alisema. "Iburute. Upepo umegeuka, kesho kutakuwa na mwani. Nitakuletea mabuti."

Kesho yake Concetta alishuka ufukoni amevaa mabuti yaliyomzidi namba mbili. Jirani wa upande wa pili wa ghuba, mzee Clarrie Pybus, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa tayari yuko pale amekalia trela lake.

"Win, umeajiri profesa?"

"Nyamaza, Clarrie. Anavuta kukushinda wewe."

"Mimi nina nyonga ya chuma."

"Na mdomo wa bati."

Mpaka adhuhuri Concetta alikuwa ameanguka mara tano, amelowa hadi kwapani, na viganja vyake vimetoa malengelenge. Walikula skonzi na jamu nyuma ya trekta, wamejikinga upepo. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Hakugusa rangi, lakini usiku alilala, jambo ambalo alimwambia Winsome hakuwa amelifanya vizuri tangu mwaka uliopita.

Siku ya sita ya kuburuta mwani, wakati wa chai, Clarrie alikohoa mara mbili. Alikuwa na jambo.

"Wewe mchoraji. Mbwa unaweza kumchora?"

"Yuko wapi?"

"Amekufa. Miaka saba sasa."

Winsome alifungua mdomo amkemee, lakini Concetta alikuwa ameshaupangusa mkono kwenye suruali. "Nieleze," alisema.

"Duchess. Alikuwa mbwa wa kondoo. Mwekundu, kifua cheupe. Sasa nikueleze nini? Alikuwa na tabia ya kukutazama kama vile mbwa ni wewe."

Concetta alichana mfuko wa karatasi wa chakula cha ng'ombe, akachukua kijiti kilichoungua motoni, akaanza. Clarrie alikuwa akisema, mkono ukifuata. Mkia? Mrefu. Anakaaje? Upandeupande, kama mama aliyechoka. Baada ya robo saa Concetta aliigeuza karatasi. Mzee alivua kofia.

"Sikio la kushoto lilikuwa limekatika ncha," alisema.

Concetta akaifuta ncha ya sikio kwa kidole.

"Haya," Clarrie alisema. "Ndiye." Akaenda nyuma ya trekta na karatasi yake, akakaa huko muda mrefu akijifanya anatazama tairi.

Kisiwa ni kidogo. Habari haihitaji miguu. Kabla wiki haijaisha watu walikuwa wanapanda kilima alasiri, mmoja na keki, mwingine na mguu wa kondoo. Mmoja alitaka farasi aliyezama. Mwingine alitaka bustani ya mama yake, iliyopigwa lami wakati wa kupanua barabara. Concetta aliwakalisha, akawasikiliza, akachora. Lile sharti la kutomsumbua msanii lilikufa kifo cha kawaida, bila mazishi.

Winsome aliwamiminia wageni chai na hakusema lake. Ilipita wiki nzima hivyo. Kisha mchana mmoja, wageni wakiwa wameondoka, alikuwa amesimama kwenye karo anaosha vikombe, akasema bila kugeuka:

"Na mimi nina mtu."

Walianza siku hiyohiyo. Winsome aliketi wima kitini, mikono mapajani, kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Pua?"

"Ya kawaida. Ndefu kidogo."

"Macho?"

"Ya kijivu. Au kijani. Yalikuwa yakitegemea siku."

Concetta alichora, Winsome akatikisa kichwa. Akafuta, akachora tena. Alasiri ya pili ilikuwa hivyo, na ya tatu. Kila uso uliotoka ulikuwa uso mzuri, na kila mmoja ulikuwa wa mtu mwingine. Siku ya nne Concetta alitoa sura ya kijana anayetabasamu, meno yamepangika. Winsome aliitazama, akasimama, akachukua koti lake.

"Huyu ni wa tangazo la sabuni," alisema, na akatoka.

Siku mbili mayai yaliachwa mlangoni bila hodi.

Siku ya tatu Concetta alivaa yale mabuti makubwa akashuka mwenyewe. Alimkuta Winsome kwenye chanja, anaanika mwani, anautupa juu ya miti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nimekukosea?"

"Si wewe." Winsome aliendelea kutupa. "Mwongo ni mimi. Nimekaa kwako pale, pua hivi, kidevu hivi. Nilikuwa nabuni, Concetta. Sura yake sina. Imekwenda. Wala sijui imekwenda lini. Ni kama sabuni. Unanawa nayo kila siku, siku moja unashika hewa." Mikono ikasimama. "Mke gani anasahau uso wa mume wake?"

Concetta alisogea kwenye chanja. Alishika ncha ya pili ya mwani, wakauinua pamoja, wakautandaza. Kisha mwingine. Walimaliza mti mzima namna hiyo.

"Unakumbuka nini?" Concetta aliuliza hatimaye.

"Hakuna."

"Chochote kile."

"Mgongo," Winsome alisema, kwa aibu, kama anayekiri kosa. "Miaka tisa nilikaa nyuma yake kwenye trekta. Nilichokuwa nikikiona ni mgongo."

"Nieleze mgongo."

Basi hapo ulimi ukafunguka. Sweta ya buluu aliyoifuma Winsome mwenyewe, kiwiko cha kulia ameshonea sufu ya kijani kwa sababu buluu iliisha dukani. Bega la kushoto limeshuka, maana Royce alianguka paani kwenye nyumba ya watoto akienda kuiba mapea, mfupa ukaunga vibaya. Shingo nyekundu nyuma, kama kambakoche aliyetoka chunguni. Suruali imefungwa kwa kamba ya trela, maana mkanda alionunuliwa alimfungia ndama. Na fundo likishakaza, hageuki, hapigi kelele. Anainua mkono juu ya bega, vidole viwili. Maana yake: vuta.

"Alikuwa akisimama vipi?"

Winsome, mwanamke wa miaka sitini na minne mwenye magoti mabovu, aliinama palepale kati ya chanja, akashusha bega la kushoto, akanyoosha mguu wa kulia nyuma. Concetta alitoa daftari mfukoni na mkono wake ulikuwa unakimbia.

Picha kubwa ilichukua siku tano. Alitumia mkaa wa kuchorea na rangi chache, buluu ile na kijani kile cha kiwiko. Winsome hakukaa tena kama shahidi. Alisimama nyuma ya Concetta na kikombe mkononi, akisema: bega chini, chini tena, hapo. Kamba usiilegeze hivyo, Royce hakuwa mlegevu wa kamba. Siku ya tano Concetta aliuchora mkono. Vidole viwili vilipotokea juu ya bega, Winsome alijifunika mdomo.

"Anasema nivute," alisema taratibu.

Wiki sita zikiisha ni desturi kila mgeni kuonyesha kazi yake katika ukumbi wa mjini. Safari hii ukumbi ulijaa, maana nusu ya watu walikuwa na chao ukutani: farasi, bustani, Duchess na sikio lake. Mgongo ulitundikwa mwisho kabisa. Winsome alikuwa ameomba usiandikwe jina. Alitaka kujua, alimwambia Concetta, kama na huo mgongo ameubuni vilevile. Akajisimamisha kando ya meza ya chai, akajifanya anapanga sahani.

Clarrie alifika kwa kuchechemea, akapita kila picha kwa zamu, akaifikia ile ya mwisho. Akasimama.

"Royce," alisema. Kisha kwa sauti ya ukumbi mzima: "Jamani, huyu si Royce Tolliver? Hebu tazameni bega! Nilikuwa nikimwambia, Royce, wewe ukivuka mlango bega moja linafika leo na jingine kesho."

Watu wakasogea. "Ndiye," mmoja alisema. "Na vidole vyake! Uvivu tu ule, hata kuita ilikuwa taabu."

Winsome aliweka sahani chini akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokipata. Hakuna aliyemzonga. Ila Dulcie, aliyeuza katika duka la bandarini miaka arobaini mpaka akastaafu, alikuja akaketi karibu yake.

"Mimi nilimjua kwa mbele," Dulcie alisema. "Kila Ijumaa alinunua chokoleti, ile kubwa. Ananiambia, ya Winsome hii. Namwona dirishani, kabla hajafika kwenye gari ameshaifungua. Anakula nusu, anakunja karatasi vizuri kama haijaguswa."

Winsome alimgeukia. "Nusu?"

"Nusu kamili."

"Dulcie! Miaka tisa aliniambia wanaziuza hivyo!"

Ukumbi uliangua kicheko, naye Winsome akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tu, na Dulcie akamshika mkono mpaka yakaisha. Miaka thelathini na mbili alikuwa na Royce yuleyule, kila mwaka anapungua kidogo. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameongezeka.

Concetta aliondoka na ndege ya Jumatatu. Picha aliiacha, alisema si yake. Huko bara alianza kuchora watu wakiwa kazini, kwa nyuma: baba yake amepiga magoti juu ya vigae, wanawake wa kiwanda cha samaki. Haikununuliwa kama bahari ilivyonunuliwa, lakini alikuwa anafanya kazi, na alilala.

Winsome aliburuta mwani miaka mingine sita, mpaka magoti yalipokataa. Funguo za nyumba ya mawe alimkabidhi mpwa wa Clarrie, pamoja na onyo kuhusu washairi na ng'ombe. Mgongo wa Royce aliutundika jikoni, mkabala na meza, na watu wakija kunywa chai wakawa wanauongezea maneno: siku aliyomkokota fahali wa mtu kutoka shimoni, wimbo aliokuwa akiukosea kila Krismasi.

Concetta alirudi kila Agosti. Hakulala nyumba ya wasanii. Alilala kwa Winsome, kwenye kitanda cha stoo. Mwaka mmoja, wakimenya viazi, aliitazama ile picha akasema:

"Watu wametueleza mengi sasa, Win. Dulcie anakumbuka macho. Nadhani uso naweza kuupata. Tujaribu?"

Winsome alimenya kiazi chake mpaka mwisho, akakitumbukiza majini.

"Mwache," alisema. "Akigeuka sasa hivi ataniona nilivyozeeka, naye yuko na miaka thelathini na nne. Mwache kwanza afunge hiyo kamba."

Akachukua kiazi kingine.